Duma Niliyemkata Kucha

Kabla hamjaanza kucheka, nakubali: mtu wa miaka thelathini na nne hastaafu. Mtu wa umri huo anatakiwa bado asukumane na maisha. Lakini daktari amesikiliza kifua changu mara tatu, na mara zote tatu amesema mimi na vumbi la mbao tuachane. Kwa hiyo nimestaafu, na nyinyi mnaorithi meza yangu hapa Mafinga mmeshaanza kuniita Mzee Lusajo mbele ya wateja. Sawa. Mzee anatakiwa awaachie vijana maneno. Haya ndiyo ya kwangu.

Mliniuliza habari za ule muhuri wa mbao uliotafunwa, unaoning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Mmoja wenu alitaka kuupiga msasa kidogo "upate sura", nami nikampokonya kwa nguvu mpaka nikaona aibu mwenyewe. Niliahidi kueleza. Nimechelewa kwa sababu maelezo haya nimeyaandika mara tano, na kila mara niliyachana kwa ajili ya sentensi moja. Mkimaliza kusoma mtaona kwamba huo ndio ugonjwa wangu hasa. Kifua ni nyongeza tu.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilitoka Uyole, Mbeya, kwenye mashamba ya viazi ya wazazi wangu, nikaja Mafinga kupakia mbao kwenye malori. Mabanzi yaliyotupwa nyuma ya mashine za kupasulia magogo ndiyo niliyoanza kuyachonga, jioni nikisubiri ubwabwa uive. Simba alikuja haraka, maana ukishamwekea manyoya shingoni kila mtu anamjua. Tembo naye, mkonga tu. Aliyenitoa jasho ni duma.

Shule moja ya msingi kule Mbeya iliagiza wanyama wa kufundishia sayansi, duma akiwamo. Nilichonga chui, nikamchorea ile mistari miwili myeusi kutoka machoni hadi mdomoni, nikajiona nimemaliza. Kabla ya kumpeleka shuleni nilipita nyumbani nikamwonyesha mama. Akamshika kwa mikono yake yenye udongo wa viazi, akamgeuza kwenye mwanga.

"Lusajo, huyu chui analilia nini?"

"Siyo chui, mama. Ni duma."

"Kama ni duma, mbona kashiba hivi? Mnyama mnene hivi atamfukuza nani?"

Nikarudi Mafinga nikachonga mwingine, mwembamba. Mama akamtazama muda mrefu. "Haya, sasa huyu ni mbwa mwenye njaa. Mrudishe kwa mwenyewe akamlishe."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu niligundua kwamba mama hakukosea. Duma anafanana zaidi na mbwa wa kukimbia kuliko anavyofanana na chui. Chui amejengwa kwa ajili ya kupanda mti akiwa na mzigo mdomoni: shingo nene, mabega mazito, kichwa kikubwa. Duma amepunguziwa kila kitu kisichosaidia mbio. Kichwa ni kidogo. Kifua kimeshuka chini kwa sababu ndani kuna mapafu makubwa na moyo mkubwa, kisha kiuno kinapanda ghafla kama kimekazwa kwa mkanda. Pua zake zina matundu mapana, na meno yake ni madogo kwa mnyama wa umbo lile, maana nafasi mdomoni imechukuliwa na njia ya hewa. Madoa yake ni ya kupigwa kwa ncha ya kidole, moja moja. Ya chui ni maua. Na ile mistari ya machozi inasemekana inampunguzia mng'ao wa jua, kwa sababu yeye huwinda mchana, simba na fisi wakiwa wamelala. Mkimchonga duma, mjiulize kila mnapogusa patasi: hii nyama ninayoiacha hapa inamsaidia kukimbia? Kama haimsaidii, itoeni.

Mkia nao. Mbao ya paini haipendi vitu virefu vyembamba, mnajua wenyewe. Mikia yangu ilivunjika mmoja baada ya mwingine, nikaona nifupishe. Mwalimu wa ile shule alinipigia simu. "Fundi, huyu wako akikata kona si atabiringika?" Nikamwambia mkia ni urembo. Akacheka, akaniambia nipande juu ya gogo nijaribu kutembea huku nimebana mikono mbavuni. Nilijaribu. Nilianguka. Swala akikata kulia, duma hurusha mkia wake mzito upande ili mwili usipinduke, kama vile mtu juu ya gogo anavyonyoosha mikono. Tangu siku ile mkia nauchonga peke yake, kwa mti mgumu, urefu wake wote, kisha nautia gundi ndani ya tundu. Fanyeni hivyo hivyo.

Nyinyi mna bahati. Mnazo mashine, na video mnazipunguza mwendo mpaka mnaona mgongo unavyojikunja kama upinde na kufyatuka, miguu yote minne hewani. Mimi nilitazama hayo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na ufa ulipita katikati ya duma. Kwa miezi kadhaa niliamini uti wake wa mgongo una kiungo cha ziada. Wapo duma wangu wawili wenye kiungo hicho, sijui wako kwa nani. Mungu anisamehe.

Sasa tufike kwenye muhuri.

Kikundi fulani kinachofanya kazi na wafugaji wa Idodi, kwenye njia ya kwenda hifadhini, kilinijia na wazo. Mbuzi anapouawa, watu hubishana nani kaua. Kwa hiyo wakataka nyayo za kuchonga, za simba, chui, duma, fisi na mbwa, kila moja imechongwa chini ya kipande cha mbao chenye mpini. Ukiona alama usiyoijua unalowesha udongo pembeni, unagonga muhuri mmoja baada ya mwingine, unalinganisha. Niliipenda kazi ile mpaka nikakosa usingizi. Nilipima, nikachora, nikapima tena.

Unyayo wa duma niliuchonga kutoka kwenye picha, na niliuchonga sawasawa. Vidole vinne na mbele ya kila kidole ncha ya ukucha. Kisha nikiwa nasafisha, ukucha mmoja ukavunjika. Paini. Zikabaki kucha tatu.

Hapa nawaomba msicheke, au chekeni kidogo tu. Nilikaa na ule muhuri mapajani siku nzima. Ningeweza kuchonga upya, lakini kesho yake asubuhi walikuwa wanakuja kuchukua sanduku. Ningeweza kuuacha na kucha tatu, na mtu yeyote angeelewa. Lakini macho yangu hayakuvumilia. Vidole vinne, kucha tatu! Nikachukua tupa nikazikata zile tatu zilizobaki. Nikapiga msasa. Ukawa unyayo mzuri kuliko zote kwenye sanduku, laini, mviringo, umekaa sawa pande zote. Nikajiambia kwamba si kitu, paka wote huficha kucha wanapotembea.

Nilijua kwamba duma hazifichi. Hilo ndilo ninaloungama. Kucha zake hazina ala ya kuingia kama za chui. Ziko nje muda wote, butu, zinashika ardhi kama viatu vya njumu vya mchezaji. Sikukosea kwa kutojua. Nilikosea kwa kupenda usawa.

Miezi ikapita. Sanduku likasifiwa. Siku moja wakaniita Idodi nikarekebishe bawaba za kifuniko.

Kwenye safari ya kwanza, nilipopeleka mbao za kujaribia, nilikuwa nimekutana na majirani wawili wa kitongoji kile. Mzee Chilongani ni Mgogo, mfugaji. Bibi Leokadia ni Mhehe, mjane, ana shamba la mahindi na mbwa mmoja mkubwa wa rangi ya kutu anayeitwa Sijali, mwenye miguu kama sahani. Mnajua Wagogo na Wahehe ni watani, na mnajua Wahehe wanavyosingiziwa kwamba hula mbwa. Siku ile nilimkuta Mzee Chilongani ameegemea fimbo kwenye uzio wa jirani yake.

"Bibi, naona huyo mbwa ananenepa. Krismasi imekaribia, eeh?"

"Mgogo wewe, huyu simli. Namfuga kwa sababu mmefanana. Wote wawili mkisikia sufuria inafunuliwa mnatokea."

Niliambiwa walikuwa hivyo kutwa nzima.

Safari hii ya pili nilifika mchana, nikasikia kimya. Watu kama kumi na tano walikuwa wamekaa nje ya nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji. Sijali alikuwa amefungwa kwenye nguzo kwa kamba ya ng'ombe, amelala, anapiga mkia chini kila mtu anapopita. Bibi Leokadia alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu naye.

"Kamwene, bibi," nikamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu." Hakunyanyua uso.

Mzee Chilongani alisimama upande wa pili. "Mama Leokadia," akasema kwa heshima, "mimi sina ugomvi na wewe."

"Najua, mzee."

Watani wakianza kuheshimiana, jueni pameharibika.

Mwenyekiti alinipokea kwa furaha. "Fundi! Umekuja siku yenyewe. Muhuri wako leo umetuamulia kesi."

Akanieleza. Mbuzi wawili wa Mzee Chilongani walikuwa wameuawa ndani ya wiki mbili, mchana kweupe, huyu wa pili asubuhi ile wakati mzee akinywesha wengine kisimani. Palikuwa na nyayo. Nyayo zilikuwa na kucha. Wakagonga muhuri wa duma: hauna kucha. Wa chui hauna, wa simba hauna. Wa fisi ulizidi ukubwa na umbo halikuafikiana. Wakagonga wa mbwa: una kucha. Kisha mtu akamwona Sijali kwenye mzoga, mdomo una damu. Mgambo alikuwa ameshaitwa kutoka kijijini aje na bunduki. Angefika kabla ya jioni.

Nitawaambia nilichofanya, maana nimeahidi kuwa mkweli. Nilitoa bisibisi nikaanza kufungua bawaba. Skrubu ikadondoka mchangani, nikaitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nilifikiria basi la kurudi Iringa mjini. Nilifikiria kwamba labda kweli ni mbwa. Sijali akanitazama, akapiga mkia.

Nikasema, "Mwenyekiti, naweza kumwona mbuzi?"

Nilidhani nitamwokoa mbwa bila kujitaja. Huo ndio ukweli wa huruma yangu.

Mbuzi alikuwa chini ya mgunga, amefunikwa kwa matawi. Mbwa anayeua mbuzi humrarua nyuma, mapajani, masikioni, popote anapofikia. Huyu mapaja yake ya nyuma hayakuwa na jeraha la kurukiwa. Koo lilikuwa limebanwa mara moja, mahali pamoja, matundu madogo. Duma hana meno ya kuvunja shingo. Anabana koo anasubiri pumzi iishe, huku na yeye mwenyewe anahema. Begani kulikuwa na mchano mmoja mrefu. Ule ni ukucha wa pembeni, ulio juu kidogo ya wayo wa mbele, haugusi ardhi kwa hiyo hubaki mkali kama ndoano. Anautumia kumvuta mnyama anayekimbia ili apoteze mizani aanguke.

Na nyayo zenyewe! Nilipiga magoti. Nyuma ya wayo kulikuwa na mikunjo mitatu, siyo miwili kama ya mbwa. Zilianza karibu karibu kwenye nyasi, kama za mtu anayenyemelea. Kisha ghafla hatua zikawa mbali mbali, udongo umerushwa nyuma, mpaka mahali alipogeuka pamechimbika mistari minne ya kucha, kama tairi la pikipiki lililofungwa breki. Umbali wote haukufika mbali. Duma hana mbio ndefu. Mwili wake unachemka, akikosa katika mbio hizo fupi anaacha. Yote yalikuwa yameandikwa pale chini, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Nikawaeleza. Walinisikiliza kwa adabu.

"Fundi," mwenyekiti akasema, "maneno yako mazuri. Lakini sisi tulikubaliana hapa, wote, kwamba mzozo ukitokea tutafuata muhuri. Muhuri hauna ukoo na mtu. Na muhuri umesema duma hana kucha."

Nchi yetu hii mnaijua. Kitu kikishapigwa muhuri, nani atakipinga?

Kwa mbali nikasikia pikipiki. Bibi Leokadia naye aliisikia. Akavua kitenge cha begani, akakitandika juu ya mgongo wa mbwa wake, kama vile anaona baridi.

Nikachukua muhuri wa duma sandukuni. Nilitaka kusema vizuri, kwa mpangilio, lakini yalitoka hovyo. Nikasema ulikuwa na kucha. Nikasema mmoja ulivunjika. Nikasema zile nyingine nilizikata mimi kwa tupa, siyo kwa sababu duma hana, ila kwa sababu zilikuwa tatu na vidole vinne, na sikupenda zinavyoonekana. Nikawaonyesha kwa kidole: hapa, hapa, hapa, na hapa. Nikasema kosa si la mbwa wala la muhuri. Ni la kwangu.

Pikipiki ikafika, mgambo akashuka, akasimama na bunduki yake kama mgeni aliyekuta watu wanasali.

Mzee Chilongani akanyoosha mkono, nikampa muhuri. Akapitisha kidole gumba pale pa msasa.

"Mimi leo asubuhi," akasema taratibu, "nilivyoziona zile kucha, moyo uliniambia ni duma. Baba yangu alinionyesha nyayo zake nikiwa mdogo, tunachunga. Lakini miaka mingi sijamwona. Muhuri uliposema siyo, nikasema basi, nimezeeka, nimesahau. Hawa wamesoma."

"Mimi sijasoma, mzee. Nimeangalia video."

Mtu mmoja nyuma akapasua kicheko, akakizima. Mzee akaendelea kuniangalia. "Yaani wewe Mnyakyusa umemkata duma kucha, ukampendezesha kama bwana harusi, kisha mbwa wa watu ndiye aje ajibu kesi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa ajili ya ukucha mmoja."

"Ndiyo."

Akageuka kwa jirani yake. Nilimwona akitafuta maneno ya heshima, akayakosa. Kisha akapata mengine. "Bibi, mfungue huyo. Na mimi nilikuwa nakurahisishia kitoweo, lakini huna bahati."

Bibi Leokadia alikuwa akilia, lakini alijibu hapo hapo. "Mgogo mwenye njaa wewe! Ungekuja na bakuli wa kwanza!"

Hapo ndipo watu wote walipocheka, na mgambo akacheka bila kujua anacheka nini.

Haikuishia pale. Wengine walisema basi atafutwe duma auawe. Wakati huu sikusubiri. Niliwaambia kwamba duma si mpiganaji. Akiteguka mguu leo hana mbio, na bila mbio hana chakula, kwa hiyo hukimbia ugomvi. Hata fisi mmoja humnyang'anya windo lake naye anaondoka. Mbuzi wenye mbwa pembeni hawasogelei. Inawezekana Sijali ndiye aliyemfukuza asubuhi ile.

"Mnasikia?" Bibi Leokadia akasema. "Mbwa wangu aliokoa nyama!"

"Aliiokoa akaila," Mzee Chilongani akajibu. Lakini akamwangalia Sijali kwa jicho jipya. "Bibi. Kesho nikienda machungani, unaweza kuniazima?"

"Mwombe mwenyewe. Ulimfunga kamba, mwombe msamaha kwanza."

Na mzee yule, mbele ya mwenyekiti, mgambo na mimi, akainama mbele ya mbwa akasema, "Kamwene, baba." Sijali akapiga mkia.

Nilichonga muhuri mwingine, kwa mti mgumu, kucha nne. Huu wa zamani hawakutaka kunirudishia. Mzee Chilongani aliutoboa tundu akamvisha Sijali shingoni, eti duma wakimwona wajue ndiye aliyefungwa kwa niaba yao. Sijali alichunga nao mbuzi miaka minne. Alipokufa, kwa uzee tu, Bibi Leokadia aliniletea muhuri kwa mkono wa kondakta wa basi, umefungwa kwenye kipande cha kile kitenge.

Ndio huo ukutani. Kidole kimoja Sijali alikitafuna chote, cha pembeni kina alama za meno, na upande wa kushoto umeliwa zaidi ya wa kulia. Haulingani popote. Mara mbili nimeushusha usiku wa mawazo yangu nikiwa nimeshika msasa, na mara mbili nimeurudisha.

Meza ni yenu, na patasi, na tupa. Msumari ule niachieni.